Paka asiye na kazi ghalani ni hasara kwa mwenye mali

WAFANYABIASHARA wengi wa nafaka hufuga paka kwa sababu moja tu, nayo ni panya. Duka au ghala likifungwa saa 12 jioni, paka hufungiwa humo humo hadi asubuhi, na mwenye mali huenda kulala akiamini amemwacha mlinzi.

Wiki za mwanzo mambo huenda vizuri. Panya hupungua, na zile pumba zilizokuwa zikionekana chini ya magunia kila asubuhi hazionekani tena. Kisha siku moja mwenye duka hufungua mlango na kukuta viroba vitatu vimekwaruliwa, unga umemwagika, mizani iko sakafuni na maharage yaliyokuwa kwenye beseni yamefukuliwa na kugeuzwa choo. Kesho yake hali ni ile ile.

Hapo hukumu hutolewa haraka: paka huyu ni mkorofi, atolewe. Akishatolewa panya hurudi, na mwenye duka hujikuta akinunua sumu ya kutega karibu na chakula anachowauzia watu.

Paka wa namna hiyo, ambaye mara nyingi ni kijana asiyezidi miaka mitatu, hana ukorofi wowote. Kazi aliyopewa imekwisha au imepungua, lakini nguvu zake zimebaki pale pale. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitumia nguvu hizo kwa vitu vinavyopatikana dukani au shambani, kabla hazijaishia kwenye mali.

Hasara yenyewe

Kiroba cha kawaida kikitobolewa na kucha hasara huonekana mara moja, na mali huhamishiwa kiroba kingine. Hasara kubwa iko kwenye mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi sasa wanaitumia kuhifadhi mahindi na kunde bila dawa.

Mifuko ya PICS, kwa mfano, ina tabaka 3: mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba kimoja nje. Teknolojia hiyo ilianza miaka ya 1980 katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kuhusu kunde nchini Cameroon. Siri yake ni kuwanyima wadudu hewa. Mfuko ukifungwa vizuri, wadudu walioingia na mahindi huitumia hewa iliyomo hadi ikapungua sana, wakashindwa kula na kuzaana, na hatimaye wakafa.

Tundu dogo la ukucha likipenya hadi ndani huharibu mpango huo wote. Hewa huingia, na dumuzi au fukusi huendelea na kazi bila mwenye mali kujua hadi siku anapofungua mfuko ili auze. Kwa mkulima aliyeweka mahindi akisubiri bei ipande, hiyo ni hasara ya msimu mzima.

Kwa nini paka hutulia mchana na kusumbua usiku

Urafiki wa paka na binadamu ni wa siku nyingi. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kaburi lililochimbuliwa katika kisiwa cha Cyprus, ambamo mifupa ya paka ilikutwa kando ya mifupa ya mtu. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 9,500, wakati ambao watu wa eneo lile walikuwa wameanza kulima nafaka. Wataalamu wengi wanaamini ni panya wa kwenye nafaka waliomvuta paka karibu na makazi ya watu.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye bado yupo katika mapori yetu. Mwili wake ni wa mwindaji. Hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, lakini alfajiri na magharibi damu humchemka, akataka kunyemelea, kuruka na kukamata.

Huo ndio wakati ambao duka limefungwa, taa zimezimwa na hakuna kinachotembea. Paka wa nje hutumia muda huo kuzunguka majirani na kuwinda. Aliyefungiwa hana hata panzi wa kufukuza, kwa hiyo kamba inayoning'inia kwenye kiroba huwa mkia wa panya, na gunia huwa mti wa kunolea kucha.

Kunoa kucha nako hakuzuiliki. Paka hukwarua ili kuondoa ganda la nje la ukucha, kunyoosha misuli na kuacha harufu yake mahali anapokaa. Kumchapa hakumwondolei haja hiyo. Humfundisha kumwogopa mwenye duka na kukwarua pale asipoonekana.

Njaa haimfanyi awe mwindaji bora

Wapo wanaoamini kuwa paka akilishwa huwa mvivu, kwa hiyo humwacha na njaa. Imani hiyo haina msingi. Hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni vitu viwili tofauti, na paka aliyeshiba bado humfukuza panya akimwona. Paka mwenye njaa huiba dagaa wa biashara, hupasua mifuko ya maziwa au hutoroka kwenda kutafuta jikoni kwa watu.

Ugali mtupu pia haumtoshi. Paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake hudhoofika. Dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa au utumbo wa kuku uliopikwa vitamfaa, pamoja na maji safi kila siku.

Dakika kumi kabla ya kufunga

Dawa ya kwanza haina gharama. Chukua ufito, funga uzi imara wenye urefu wa mita moja, na mwishoni fundika kitambaa au unyoya wa kuku. Dakika kumi kabla ya kufunga duka, mchezeshe paka.

Ipo namna ya kufanya. Panya hamfuati paka, humkimbia. Kwa hiyo kitambaa kiburute kikienda mbali naye, kisimame, kijifiche nyuma ya ndoo, kisha kichomoke ghafla. Mwache anyemelee, na kila baada ya majaribio machache mwache akamate. Paka asiyepata kitu hukasirika badala ya kutulia.

Akianza kuhema, punguza mwendo na umpe chakula chake cha jioni hapo hapo. Utaratibu wa paka ni kuwinda, kula, kujilamba, kisha kulala. Ukiufuata kila jioni kwa saa ile ile, sehemu kubwa ya zile nguvu za magharibi itakuwa imetumika kabla hujageuza ufunguo.

Baada ya mchezo, fito na uzi vifungiwe kabatini. Uzi uliomezwa unaweza kuukata utumbo wa paka na kumuua. Kwa sababu hiyo hiyo, kamba za viroba zilizokatwa zisiachwe sakafuni.

Mtafutishe chakula

Badala ya kumwekea chakula chote kwenye sahani, kiasi fulani kifiche. Toboa matundu kwenye chupa tupu ya maji, yawe makubwa kidogo kuliko dagaa mkavu, na utie dagaa wachache ndani. Paka ataisukuma chupa huku na huko hadi watoke. Trei la mayai la karatasi pia linafaa: weka dagaa katika mashimo machache na uyafunike kwa vipande vya karatasi.

Dagaa wengine waweke katika pembe za ghala ambako huwa unaona kinyesi cha panya. Paka atajifunza kuzipitia pembe hizo kila usiku, na doria ndiyo kazi uliyomwajiria. Asubuhi ondoa chochote kilichobaki, ili mabaki hayo yasiwe karamu ya panya na mende.

Nguzo ya mkonge badala ya magunia

Kwa tatizo la kukwarua, mpe kitu kizuri zaidi ya gunia. Tafuta kipande cha nguzo au boriti chenye urefu wa sentimita 80 hadi 90, ili paka aweze kujinyoosha wima. Kipigilie kwenye ubao mzito wa chini au kifunge kwenye mhimili wa ghala, kisha kizungushie kamba ya mkonge kwa kuibana sana kuanzia chini hadi juu.

Nguzo isitikisike. Ikiyumba mara moja tu, paka hataigusa tena. Mwanzoni isimamishe mbele ya yale magunia anayoyapenda, na akishaizoea isogeze kidogo kidogo hadi mahali unapotaka.

Duniani kote nguzo za paka zinazouzwa madukani huviringishwa kamba ya mkonge, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf na ambalo Tanga inajulikana kwalo hadi leo. Seremala mdogo anaweza kutumia vipande vya mbao vilivyobaki kutengeneza nguzo kama hizo. Wateja wake wanaweza kuwa watu wa mijini wanaofuga paka ndani ya nyumba na kulalamika kuwa makochi yao yamechanwa. Anza na mbili au tatu uone soko, usijaze karakana.

Pa kupanda, pa kuchungulia, pa kujisaidia

Paka hupenda kuwa juu. Ubao mmoja unaotoka sakafuni hadi kwenye rafu tupu utampa njia na kituo cha kuangalia ghala zima, naye ataacha kupanda juu ya marobota. Dirisha lenye wavu imara nalo ni burudani, kwa kuwa ndege na watu wanaopita humshughulisha.

Magunia yapangwe juu ya chaga na kuachiwa nafasi kutoka ukutani, kama wataalamu wa hifadhi ya nafaka wanavyoshauri siku zote. Nafasi hiyo huzuia unyevu, huwanyima panya maficho na humpa paka njia ya kupita.

Weka pia beseni pana lenye mchanga au maranda, mbali na chakula chake, na uchafu uondolewe kila siku. Paka hufukua maharage kwa sababu hajaonyeshwa choo kingine. Mjamzito asifanye kazi hiyo, kwani kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Na popote penye unga au nafaka iliyo wazi, funika.

Je, mchezo hautamharibu mwindaji?

Swali hilo ni la haki. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa paka 355. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kwa siku walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 25. Waliolishwa chakula chenye nyama nyingi walipunguza kwa asilimia 36.

Kwa hiyo mchezo hupunguza uwindaji kiasi, ila hauukomeshi. Mwenye ghala apime mwenyewe. Panya wakiwa wengi, paka ana kazi ya kutosha na mchezo unaweza kupunguzwa. Wakiwa wamekwisha, paka anayechezeshwa ni nafuu kuliko anayepasua mifuko.

Pia asitegemewe peke yake. Mwaka 2018 watafiti waliofuatilia panya wakubwa katika kiwanda cha taka jijini New York, Marekani, walieleza kuwa kwa siku 79 paka waliua panya 2 tu. Panya walijificha zaidi walipowaona paka. Paka ni hodari kwa panya wadogo na wachanga. Panya wakubwa wanahitaji mitego, matundu yaliyozibwa na sakafu iliyofagiwa.

Sumu humrudia paka

Ukiwa na paka, usitege sumu ya panya. Paka akila panya aliyelegea kwa sumu anaweza kufa naye.

Soma pia maandishi ya dawa ya unga unayochanganya na mahindi. Baadhi ya dawa hizo zina permethrini, ambayo mtu huihimili lakini kwa paka ni sumu kali. Akilalia mahindi yaliyotiwa dawa kisha akajilamba, anaweza kuanza kutetemeka na kudondoka. Mtoe nje siku ya kuchanganya dawa, na umrudishe vumbi likishafagiliwa na magunia yakishafungwa. Ghala likifukizwa kwa vidonge vya fosfini, paka na watu wote wakae mbali hadi mtaalamu aruhusu.

Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo humpata paka pia na humwambukiza mtu. Ulizia na kuhasiwa. Dume aliyehasiwa hupunguza kukojolea magunia na kulilia nje usiku kucha, na jike hatakujazia ghala watoto.

Anayetaka kujua kama juhudi hizi zinalipa aweke daftari. Kwa wiki mbili aandike idadi ya viroba vilivyotobolewa kila asubuhi kabla ya kubadili chochote, kisha wiki mbili baada ya kuweka nguzo, chupa na mchezo wa jioni. Azidishe idadi hiyo kwa bei ya kiroba na kilo zilizomwagika, ndipo aamue kama paka atoke au abaki.