Upendo Unaotangulia

Katika imani ya Kikristo, upendo wa Mungu hautokani na sifa za anayependwa. Mungu hupenda kwanza, mwanadamu huitikia baadaye. Jambo hili limo tayari katika Agano la Kale: Kumbukumbu la Torati, sura ya 7, inawakumbusha Waisraeli kwamba hawakuteuliwa kwa wingi wao, kwani walikuwa wachache kuliko mataifa mengine. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, nabii Hosea aliagizwa ampende tena mke asiye mwaminifu, iwe ishara ya Mungu asiyewaacha watu waliogeukia miungu mingine.

Agano Jipya linauona upendo huo ndani ya Yesu Kristo. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, anasisitiza wakati: Kristo aliwafia watu wangali wenye dhambi, si baada ya kutengemaa. Hapa ndipo ulipo uzito wa Injili yote. Msalaba haukumshawishi Mungu aanze kupenda; upendo wake ndio uliomtoa Mwana.

Mfano wa mwana mpotevu, katika Luka 15, unalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo mengi. Kijana anadai urithi baba yake angali hai, anautapanya ugenini, anaishia kulisha nguruwe. Anaporudi ameandaa maneno ya kuomba awe kibarua tu. Baba anamwona angali mbali, anamkimbilia na kumkumbatia kabla hajatamka neno. Kisha anamkatiza kwa kuagiza joho, pete na viatu. Aghalabu husahaulika kwamba baba huyohuyo anatoka tena nje, safari hii kumsihi mwana mkubwa aliyenuna. Mtiifu naye anahitaji kupendwa bure.

Je, upendo wa namna hii unaifuta haki? Marcion, mwalimu wa karne ya 2, alidai kwamba Mungu wa Agano la Kale, mwenye kuhukumu, si Baba wa Yesu. Kanisa lilikataa, na kwa sababu nzuri: asiyechukizwa na uonevu hawezi kusemwa anampenda anayeonewa.

Wanateolojia wamelichimba zaidi suala la upendo huu unaotangulia. Agostino wa Hippo (354–430) alieleza Utatu kwa lugha ya upendo: ampendaye, apendwaye, na upendo wenyewe. Basi Mungu hakuumba kwa upweke. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mwanadamu huvutwa na wema anaoukuta, ilhali upendo wa Mungu ndio unaoutia wema ndani ya viumbe. Martin Luther alitetea wazo la karibu na hilo huko Heidelberg mwaka 1518.

Waraka wa kwanza wa Yohana unatoa kipimo cha kuuitikia upendo huo: asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kudai anampenda Mungu asiyemwona. Makanisa ya kwanza yalilitenda hilo. Waumini wa Makedonia na Akaya, wengi wao wasio Wayahudi, walichanga fedha kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu, na Paulo akaupeleka mchango huo mwenyewe.