Aljebra na Lugha Yake: Kutoka Maneno hadi Miundo

Utangulizi

Watu wengi huihesabu aljebra kuwa elimu ya herufi. Mwanafunzi akiulizwa aljebra ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni ile sehemu ya hisabati ambamo x na y huchukua mahali pa nambari. Jawabu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina upungufu mkubwa. Kitabu kilichoipa elimu hii jina lake hakina x hata moja. Kimeandikwa kwa maneno matupu toka mwanzo hadi mwisho, na hata nambari zimetajwa kwa maneno.

Jambo hili lina uzito kwa mtu anayeshughulika na lugha za Kiafrika. Nchini Kenya hisabati husomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, lakini katika shule za sekondari, ambako aljebra huanza kupanuka, Kiingereza ndicho kilichoendelea kutumika. Kwa hiyo husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili kinatosha kwa kuhesabu sokoni, ila hakiwezi kubeba aljebra. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kufuata historia ya aljebra yenyewe katika hatua zake tatu: ilipokuwa elimu ya maneno, ilipokuwa elimu ya herufi, na ilipokuwa elimu ya miundo.

Aljebra ya maneno

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad katika karne ya 9, wakati wa utawala wa Khalifa al-Ma'mun. Lile neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa utaratibu wa hatua za kukokotoa lilitokana na jina lake. Kunako mwaka 820 aliandika kitabu juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kwa Kilatini nchini Hispania, na neno la kwanza kati ya hayo mawili likabaki kuwa jina la elimu nzima.

Al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika katika hali yake, kama vile kuunga mfupa. Nchini Hispania neno algebrista lilitumika zamani kumtaja muunga mifupa. Mzizi wa neno hilo ndio uliomo katika neno la Kiswahili jabari. Nalo al-muqabala maana yake ni kuviweka vitu viwili vitazamane, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kulitambua ndani ya neno mkabala na kitenzi kukabili. Maneno haya hayakuingia katika Kiswahili kwa njia ya hisabati. Yaliingia pamoja na maneno mengine mengi ya Kiarabu kwa njia ya dini, biashara na sheria. Hata hivyo maana yake ya asili haijapotea, na maana hiyo yatosha kueleza kazi yenyewe.

Mathalan, mchuuzi ana vikapu vitano vyenye machungwa sawasawa, lakini jumla yake imepungukiwa na machungwa 6. Machungwa hayo yaliyosalia yanalingana na vikapu viwili kamili pamoja na machungwa 15. Je, kila kikapu kina machungwa mangapi? Hatua ya kwanza ni al-jabr: upande uliopungua unarudishiwa machungwa 6, na ili usawa usivunjike upande wa pili nao unaongezwa 6. Sasa vikapu vitano ni sawa na vikapu viwili na machungwa 21. Hatua ya pili ni al-muqabala: pande mbili zinakabiliana, na vikapu viwili vinaondolewa huku na huku. Vinabaki vikapu vitatu kwa machungwa 21, yaani machungwa 7 kwa kila kikapu. Hapana herufi iliyotumika, na hapana hatua iliyorukwa.

Kile kisichojulikana al-Khwarizmi alikiita kitu, au mzizi; na mzizi ukizidishwa kwa wenyewe aliuita mali, kwa neno lile lile litumikalo katika Kiswahili. Mojawapo ya mifano yake mashuhuri ni ya mali ambayo ikijumlishwa na mizizi yake kumi hupata 39. Njia yake ni hii: chukua nusu ya idadi ya mizizi, yaani 5, izidishe kwa yenyewe upate 25, ijumlishe na 39 upate 64, tafuta nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 64, nayo ni 8, toa 5, inabaki 3. Basi mzizi ni 3 na mali ni 9. Kisha alithibitisha njia hiyo kwa kuchora mraba, akauongezea vipande kando yake, na kuijaza pembe iliyobaki wazi. Kwa kuwa hakukubali nambari zilizo chini ya sifuri, ilimbidi aigawe milinganyo ya namna hii katika aina sita na kuieleza kila aina peke yake.

Sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Hesabu za namna hii hazikuwa mchezo wa akili, kwani zilihitajika kortini. Tuseme mtu amefariki akaacha wana wanne wa kiume. Ameusia kwamba rafiki yake apewe sehemu iliyo sawa na ya mwana mmoja, na maskini wapewe sehemu moja ya kumi ya mali yote. Sehemu ya mwana haijulikani, na sehemu ya rafiki inaitegemea hiyo isiyojulikana. Lakini sehemu tano zilizo sawa, pamoja na ile sehemu moja ya kumi, ndizo mali yote. Basi sehemu hizo tano ni tisa ya kumi, na kila moja ni tisa ya hamsini. Kama mali ni shilingi 5,000, kila mwana atapata 900, rafiki 900, na maskini 500. Wasia wote ni 1,400, kiasi ambacho hakizidi theluthi, nayo theluthi ndiyo mpaka wa wasia katika sheria ya Kiislamu. Mirathi ya Waislamu imo hadi leo katika mamlaka ya mahakama za Kadhi nchini Kenya, na maneno yote yanayohitajika kwa hesabu hii yamo katika Kiswahili cha kila siku: mali, wasia, mirathi, theluthi, sehemu.

Aljebra ya herufi

Hata hivyo maneno yana udhaifu wake. Mlinganyo ukirefuka, msomaji husahau mwanzo kabla hajafika mwisho. Waitalia walikifuata kitu cha Waarabu wakakiita cosa, nao Wajerumani wakaiita elimu nzima Coss, lakini mzigo wa maneno ulizidi kuwa mzito. Mwaka 1545 Cardano alipotangaza njia za kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu na cha nne, alihitaji kurasa nyingi kwa mambo ambayo leo huandikwa kwa mistari michache.

Nafuu ilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1557 Robert Recorde wa Welisi alianza kuandika usawa kwa vistari viwili sambamba. Mwaka 1591 Viète wa Ufaransa alitumia irabu kwa nambari zisizojulikana na konsonanti kwa zinazojulikana. Mwaka 1637 Descartes alizichagua herufi za mwisho wa alfabeti kwa zisizojulikana, na ndipo x ilipopata kiti chake.

Faida ya herufi si ufupi peke yake. Herufi ilipokubaliwa kusimama pia mahali pa nambari inayojulikana, zile aina sita za al-Khwarizmi ziliweza kuandikwa kwa umbo moja, na jawabu moja likazitosha zote. Aidha, herufi si mali ya lugha yoyote. Kinachobaki kuwa cha lugha ni maelezo yanayozunguka herufi: kwa nini hatua hii inaruhusiwa, kwa nini ile imekatazwa. Mwanafunzi aliyekariri kwamba nambari ikihamishwa upande wa pili hubadilisha alama anaweza kupata jawabu sahihi pasipo kujua kwamba hakuna kilichohama. Pande zote mbili zimeongezwa au kupunguzwa kitu kile kile. Jambo hilo linafahamika upesi likielezwa kwa lugha ambayo mwanafunzi huyo huwazia.

Aljebra ya miundo

Baada ya Cardano, wataalamu walitafuta kwa karibu karne tatu njia ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha tano. Mwaka 1824 Abel wa Norwei alithibitisha kwamba njia moja inayofaa kwa milinganyo yote ya aina hiyo haipo. Galois, kijana Mfaransa aliyefariki mwaka 1832 kwa jeraha la risasi akiwa na umri wa miaka 20, alieleza kiini cha jambo. Maandishi yake yalichapishwa na Liouville mwaka 1846.

Galois hakuyatazama majawabu yenyewe, bali namna yanavyoweza kubadilishana mahali. Majawabu manne yaweza kupangwa kwa namna 24. Mkusanyiko huo wa mageuzi hupunguzika hatua kwa hatua, kutoka 24 hadi 12, kisha 4, kisha 2, kisha 1, na kila hatua hulingana na kutafuta kipeuo cha pili au cha tatu. Majawabu matano hupangwa kwa namna 120. Hizo hupungua hadi 60, na hapo hukwama, kwa kuwa mkusanyiko wa 60 hauvunjiki tena kwa namna inayotakiwa. Mkusanyiko wa namna hii Galois aliuita groupe, yaani kundi.

Mfano wa kundi umo katika saa ya Waswahili. Saa nane ikiongezwa saa saba, jawabu si saa kumi na tano bali saa tatu. Zipo nambari 12, na zina sifa nne. Kwanza, mbili zikijumlishwa, jawabu halitoki nje ya hizo 12. Pili, zikijumlishwa tatu, hapana tofauti kama zimeanza kuunganishwa mbili za mwanzo au mbili za mwisho. Tatu, ipo moja isiyobadilisha kitu, nayo ni 12. Nne, kila moja ina kinyume chake, kama 7 ilivyo na 5, kwani zikijumlishwa hurudi kwenye 12. Chochote chenye sifa hizo nne ni kundi, kiwe ni saa, mageuzi ya majawabu, au namna za kuuzungusha mkeka wa mraba ukarudi mahali pake.

Saa hiyo hiyo hueleza jambo jingine. Msemaji akitaka kuihamisha saa ya Kiswahili katika ya Kiingereza huongeza 6: saa tatu huwa tisa. Akitaka kurudi, huongeza 6 vile vile: tisa huwa tatu. Kanuni moja yafaa kwenda na kurudi, kwa sababu katika kundi hili 6 ni kinyume cha nafsi yake. Lau tofauti ingekuwa saa nne, angeongeza 4 kwenda na 8 kurudi.

Kuanzia miaka ya 1920 mtazamo huu ulitawala aljebra yote, hasa kwa kazi ya Emmy Noether wa Göttingen. Mwanzoni mama huyo alifundisha chini ya jina la Hilbert kwa kuwa chuo hakikuwaruhusu wanawake, na mwaka 1933 utawala wa Nazi ulimfukuza kazini kwa sababu alikuwa Myahudi. Alihamia Marekani, akafariki huko mwaka 1935. Makala yake ya mwaka 1921 yaliwafundisha wataalamu kuchunguza sifa za muundo kwanza, na nambari baadaye. Miundo hiyo ndiyo inayotafitiwa hadi leo, na juu yake zimejengwa mbinu za kuficha siri katika mawasiliano, kama ile iliyobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977.

Suala la istilahi

Yafaa kuangalia jinsi miundo hii ilivyopewa majina. Mkusanyiko ambamo mtu aweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa chochote kisichokuwa sifuri, Dedekind aliuita kwa Kijerumani Körper, yaani mwili, mwaka 1871. Wafaransa walifuata wakauita mwili pia. Lakini mwaka 1893 Mmarekani Moore aliuita kwa Kiingereza field, neno ambalo katika matumizi ya kawaida ni shamba au uwanja. Muundo mwingine Hilbert aliuita Ring, yaani pete, mwaka 1897. Hapana mwili wala shamba katika hesabu hizo. Kila lugha ilichukua neno la nyumbani ikalifunga kwa fasili.

Hili lina mafunzo mawili kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili. La kwanza ni kwamba kutafsiri neno la Kiingereza si njia ya pekee, kwa kuwa Kiingereza chenyewe hakikutafsiri. La pili ni kwamba neno zuri halitoshi. Kundi na seti vikitumiwa ovyo kwa maana moja, mwanafunzi hawezi kutofautisha mkusanyiko wowote wa vitu na mkusanyiko wenye zile sifa nne. Kinachohitajika ni fasili moja inayofuatwa na waandishi wote, na vitabu vinavyoitumia.

Hitimisho

Historia hailithibitishi dai lililotajwa mwanzoni. Aljebra ilianza katika maneno ya watu waliogawa mali na mirathi, na mengi ya maneno hayo yamo katika Kiswahili. Ilipopata herufi, ilipata kitu kisicho cha lugha yoyote. Na ilipofikia miundo, kila lugha iliyoandika aljebra ililazimika kujichagulia majina. Kiswahili nacho kina mlinganyo, kipeo na seti. Upungufu uliopo ni wa vitabu na makubaliano, na huo hulipwa kwa kuandika. Mwalimu anayeieleza saa ya Kiswahili kama kundi, kwa Kiswahili, ameshaanza kuulipa.