Leseni ya urubani si kazi: tuwaambie watoto wa Kwale ukweli

Yeyote aliyewahi kufundisha katika shule iliyo jirani na kiwanja kidogo cha ndege cha Ukunda anajua kwamba darasani mna mshindani mmoja asiyeshindika, nao ni mngurumo wa ndege. Hata uwe unafafanua jambo gani, ndege ikipita juu ya mabati vichwa arobaini hugeukia dirishani kwa pamoja, na mwalimu hana budi kunyamaza mpaka ipite. Ukiwauliza wanafunzi hao wangependa kuwa nani maishani, usishangae mikono mingi ikiinuliwa kwa jibu moja: rubani.

Kwa miaka mingi nililipokea jibu hilo kwa furaha. Nilikuwa nikiwaambia, "Someni hisabati na fizikia, nanyi mtaruka." Leo nimeshika kalamu kuungama kwamba maneno hayo, ingawa hayakuwa uongo, hayakuwa ukweli wote, na nusu ya ukweli yaweza kumgharimu mzazi shamba lake.

Aliyenizindua ni kijana mmoja niliyemfundisha, mzaliwa wa upande wa Msambweni. Alifaulu vyema mtihani wa kidato cha nne, na babaye, ambaye riziki yake yote ilikuwa minazi na mikorosho aliyoachiwa na wazee wake, akauza sehemu kubwa ya shamba hilo ili amlipie mwanawe karo katika chuo kimoja cha urubani jijini Nairobi. Kijana hakufanya mchezo. Alirudi na leseni ya urubani wa kibiashara, na kijiji kizima kikamwita Kapteni. Nilipokutana naye hivi karibuni kwenye njia panda ya Ukunda, alikuwa ameketi juu ya pikipiki akingoja abiria.

"Shikamoo, Mwalimu," aliniamkia huku ameinamisha macho.

"Marahaba, mwanangu. Na ndege je?"

"Nina saa mia mbili na kidogo, Mwalimu. Kila ninakopeleka barua naulizwa saa mia tano, au elfu moja. Nami najiuliza, nitazipata wapi nisipoajiriwa?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na katika kulitafuta nimejifunza mambo ambayo ilinipasa kuyajua kabla sijamshauri mtoto wa mtu.

Kwa wasiojua, rubani hapimwi kwa cheti pekee. Hupimwa kwa idadi ya saa alizokaa angani akiendesha ndege, nazo huandikwa moja baada ya nyingine katika daftari lake. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini huzifuata, mtu aweza kupata leseni ya urubani wa kibinafsi akiwa na umri wa miaka 17 na saa zipatazo 40. Leseni ya kibiashara, inayomruhusu kurusha ndege kwa malipo, huhitaji umri wa miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya manahodha wa ndege kubwa za abiria, haitolewi kabla ya umri wa miaka 21 na saa 1,500.

Hebu basi tupige hesabu, maana sisi ni walimu. Baina ya saa 200 na saa 1,500 pana pengo la saa 1,300. Rubani arukaye saa tatu kwa siku, siku sita kwa juma, huhitaji zaidi ya majuma 72 kulijaza, na hapo tumechukulia kwamba hapana siku ya mvua kubwa, maradhi wala ukosefu wa abiria. Tena huyo ni yule aliyekwisha kuajiriwa. Kampuni ndogo hazimdai rubani msaidizi saa zote hizo, lakini hata hizo mia tano alizoulizwa kijana wangu ni zaidi ya maradufu ya alizo nazo. Asiyeajiriwa hubakia kukodi ndege kwa fedha zake mwenyewe, na bei ya saa moja ya ndege si nauli ya matatu ya kutoka Ukunda hadi Likoni.

Wala isidhaniwe kwamba kazi hakuna. Ndege zipo, tunaziona. Mashirika kama Jambojet na Safarilink huleta abiria Ukunda kutoka Nairobi, na ndege ndogo huondoka hapa zikiwapeleka watalii kwenye mbuga ya Masai Mara. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kuna kampuni za ndege za kukodi zenye kila aina ya chombo, kuanzia ndege ya injini moja hadi jeti ndogo za matajiri, na zile za madaktari wa Amref zinazobeba wagonjwa mahututi. Kazi ya ndege za kukodi ni ya namna yake: haina ratiba wala Jumapili, humfuata mteja atakako na saa atakayo. Rubani wake hutua leo kwenye lami na kesho kwenye kiwanja cha changarawe ambako sharti kwanza wanyama wafukuzwe njiani. Humo ndimo anamokomaa.

Taabu iko mlangoni. Ndege inayoonekana sana katika kazi hii, Cessna Caravan ya injini moja, imeundwa kiasi cha kuweza kuendeshwa na rubani mmoja tu. Kampuni inayomweka rubani mmoja haina kiti cha mwanagenzi. Jeti za kukodi, kwa upande wake, aghalabu hurushwa na marubani wawili, lakini mwenye jeti hataki mgeni wa kazi: hutaka mtu aliyekwisha kufunzwa aina ile ile ya ndege, na mafunzo hayo ni ghali na mara nyingi hufanyiwa ng'ambo. Isitoshe, kampuni za bima nazo zina masharti yake kuhusu saa za rubani. Hivyo kijana hugonga mlango wa ndege ndogo akaambiwa kiti ni kimoja. Akienda kwenye jeti, huambiwa arudi akiisha kukomaa.

Tusiwe wepesi wa kudhani kwamba masharti hayo ni ukatili mtupu. Mnamo tarehe 28 Oktoba 2025, ndege ya aina hiyo ya Caravan iliyokuwa imetoka Diani kuelekea Kichwa Tembo, Masai Mara, ilianguka papa hapa Kwale, na watu wote 11 waliokuwamo, akiwemo rubani, wakafariki dunia. Siitaji ajali hiyo ili nimhukumu mtu. Naitaja ili mwanafunzi anayetamani kofia na tepe za mabegani akumbuke kwamba anaomba kukabidhiwa roho za watu. Saa nyingi angani hazizuii kila ajali, lakini ni haki ya abiria kutaka anayemrusha awe ameiva.

Kuna na jambo la msimu. Kazi ya ndege za kukodi pwani hupanda na kushuka pamoja na utalii. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyumbu wako Mara na ndege hazipumziki. Mvua za masika zikianza, baadhi ya hoteli za Diani hufunga milango na ndege hulala. Mwaka 2020 ulitupa somo kali zaidi. Safari za abiria za kimataifa zilisimamishwa mnamo Machi na hazikurejea hadi Agosti, na hata marubani wenye saa maelfu walikaa nyumbani. Hii ni ajira inayoweza kuzimwa na ugonjwa ulioanzia nchi ya mbali, kama vile kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivyozimika mwishoni mwa miaka ya 1980 na kama uchimbaji wa madini ya titani ulivyokoma mnamo Desemba 2024. Vijana wa Kwale wamekwisha kuonja milango iliyofungwa.

Je, waliofika wamefikaje? Wengine walijaza daftari zao Lokichoggio, ambako tangu mwaka 1989 ndege za misaada zilikuwa zikivuka kwenda Sudan ya Kusini wakati wa vita. Wengine walibeba miraa kwenda Somalia alfajiri baada ya alfajiri. Wengine walibaki vyuoni wakawa walimu wa urubani, wakihesabu saa huku wakiwafunza wenzao, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo njia ya heshima kuliko zote. Wapo pia waliokubali kufanya kazi bila ujira, na hata waliolipa wenyewe ili waruhusiwe kukaa kiti cha pili. Anayeweza kufanya hivyo ni mtoto wa mwenye nacho.

Historia yenyewe inashuhudia kwamba anga yetu haikuwa ya maskini tangu mwanzo. Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 na ambaye uwanja wa Wilson ulipewa jina lake mwaka 1962, alikuwa mjane mwenye mali. Hata Irene Koki Mutungi, ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Kenya Airways kama rubani, na baadaye akawa nahodha wa Dreamliner, ni binti wa rubani. Sisemi haya kumpunguzia sifa. Alizistahili kwa jasho lake. Nasema tu kwamba aliyezaliwa katika nyumba ya rubani huijua ngazi na vipandio vyake vyote. Mtoto wa Mwabungo au Lunga Lunga huiona ndege, ngazi haioni.

Basi tufanye nini? Kwanza, sisi walimu tuanze na swali la afya kabla ya swali la karo. Rubani wa kibiashara hana budi kupasi uchunguzi wa daktari wa daraja la kwanza, ikiwemo uwezo wa kutofautisha rangi, na huurudia kila mwaka. Gharama ya uchunguzi huo ni ndogo mno ikilinganishwa na karo. Mzazi asiuze hata mnazi mmoja kabla mwanawe hajapimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka.

Pili, tufundishe masomo kwa namna ya kumwandaa. Lugha ya redio angani ni Kiingereza, na rubani wa safari za kimataifa sharti afikie kiwango cha nne cha vipimo vya kimataifa. Hali ya hewa nayo tunayo mlangoni: mvuvi wa Gazi anazijua kusi na kaskazi kabla hajaamka kitandani, na pepo hizo hizo ndizo rubani anazopambana nazo atuapo Ukunda. Jiografia ikifunzwa hivyo, mtoto atajua kwamba elimu ya wazee wake ina nafasi katika chumba cha rubani.

Tatu, tuwaonyeshe milango mingine. Chuo cha Mafunzo ya Usafiri wa Ndege cha Afrika Mashariki kilichoko Embakasi kimekuwa kikifunza waongozaji wa ndege, mafundi na wapangaji wa safari tangu mwaka 1954. Kila ndege ya kukodi sharti ikaguliwe na fundi kila baada ya saa maalumu, iwe imebeba watalii au mizigo. Fundi hajifunzi kwa kununua saa za angani. Hujifunza akiwa na spana mkononi, chini ya uangalizi wa aliyemtangulia.

Nne, na hili nalielekeza kwa wakuu wetu. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, Kwale imejipatia sifa kwa kutoa basari, na wazazi wengi wanaishukuru. Lakini basari inayomfikisha mtoto kwenye leseni ya saa 200 na kumwacha hapo ni kama daraja lililofika katikati ya mto. Afadhali wafadhiliwe vijana wawili mpaka wakapata kiti kuliko kumi mpaka wakapata karatasi. Nazo kampuni zinazofaidi anga na fuo za Diani ziombwe, kwa mapatano ya maandishi, zitenge kiti cha pili kwa ajili ya kijana wa hapa aliyefuzu, naye aahidi kuitumikia kampuni hiyo kwa miaka kadhaa. Mwenye kampuni apate mtumishi asiyehama, na kijana apate saa.

Nilimweleza kijana wangu habari za ualimu wa urubani, akaniambia kwamba hata mafunzo hayo yana karo yake, na kwamba ameanza kuweka akiba kutokana na pikipiki. Babaye hajui kwamba mwanawe bado yuko njia panda. Huambiwa kazi inakuja. Tulipokuwa tukiagana ndege ilipita ikielekea Mara. Abiria wake alikuwa amekwisha kupanda nyuma, naye akawasha pikipiki bila kuinua kichwa.

Sitawakataza wanafunzi wangu kuota ndoto ya kuruka. Ila tangu sasa, mkono ukiinuliwa na jibu likiwa rubani, nitachukua chaki niandike ubaoni 200, na chini yake 1,500, kisha tuanze somo hapo. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto wa Kwale wako tayari kuinama. Wajibu wetu ni kuwaambia mvungu huo una kina gani kabla wazazi wao hawajauza shamba.