JE, WAJUA? Mipira minne, wiketi nne

Henriette Ishimwe wa Rwanda alianza kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya kriketi Januari 2019, kwenye ziara ya Abuja, Nigeria. Alikuwa na miaka 15. Pale Chang'ombe, Dodoma, msichana wa umri huo huulizwa kama ni Simba au Yanga. Kriketi haimo kwenye swali.

Septemba 2022, Rwanda iliifunga Tanzania kwenye fainali ya kufuzu mjini Gaborone (hilo bado linauma) na kupata nafasi katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19. Januari 2023, huko Potchefstroom, Afrika Kusini, wakakutana na Zimbabwe. Rwanda ilipata mbio 119, si nyingi. Ndipo Ishimwe akarusha mipira minne mfululizo na kila mpira ukamtoa mpigaji mmoja. Kuwatoa watatu mfululizo tayari ni jambo ambalo warushaji wengi hustaafu bila kulionja. Zimbabwe ikaishia 80.

Siku chache baadaye Rwanda ikaiangusha West Indies, jina kubwa la mchezo huu.

Na kriketi ilifikaje Kigali? Kwa sehemu kubwa ililetwa na Wanyarwanda waliorudi nyumbani baada ya 1994 kutoka nchi jirani zinazoicheza, Uganda na Kenya zikiwemo. Uwanja wao wa Gahanga ulifunguliwa 2017.