Matone ya bakteria na kilio cha magharibi

Mama aliyeketi mbele yangu alifungua mkoba akapanga chupa mezani, moja baada ya nyingine: maji ya tumbo ya dukani, dawa ya gesi, na kichupa cha mafuta kisicho na lebo alichopewa na mama mkwe. Mwishoni akaweka kipande cha mvuje kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi. Mwanawe, mwenye umri wa wiki 6, alikuwa amelala fofofo ndani ya kanga.

"Dokta, hapa utadhani namsingizia," aliniambia. "Ikishaadhiniwa magharibi anaanza, na mpaka saa sita usiku hajanyamaza."

Kisha akatoa simu kunionyesha picha aliyotumiwa na dada yake: kichupa cha matone ya probiotiki. Alitaka kujua kama hicho ndicho kitakachomaliza kilio. Nilimjibu kwamba kinaweza kumsaidia mtoto wake, ila si kichupa chochote tu, wala si kwa kila mtoto.

Kilio hiki wengi hukiita chango, wengine msokoto wa tumbo, wengine gesi. Mwaka 1954 Morris Wessel, daktari wa watoto wa New Haven nchini Marekani, alikipa kipimo cha tatu tatu ambacho bado tunakitumia: mtoto mwenye afya na anayekula vizuri analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Hukunja miguu, hukaza tumbo, uso humwiva, na ukimbembeleza habembelezeki. Kilio hiki humpata takribani mtoto 1 kati ya 5, awe wa ziwa au wa maziwa ya kopo. Huanza wiki ya 2 au ya 3, hupamba moto karibu na wiki ya 6, na mtoto akifikisha miezi 3 au 4 huwa kimekwisha chenyewe.

Hilo la kwisha chenyewe ndilo linalovuruga hesabu ya dawa zote. Mama hutafuta dawa anapokuwa amechoka kabisa, na huchoka kabisa wiki ya 6, kilio kinapokuwa kileleni. Chochote atakachompa mtoto siku hiyo, hata kijiko cha maji matupu, wiki ya 9 kitaonekana kimetibu. Ndivyo dawa nyingi zilivyojipatia sifa. Maji ya tumbo ya William Woodward, yaliyoanza kuuzwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, yalisifiwa kwa vizazi kadhaa, na muda mwingi wa sifa hizo yalikuwa na kilevi ndani yake. Dawa ya gesi iitwayo simethikoni, ambayo karibu kila duka la dawa linayo, ilipopimwa sambamba na matone yasiyo na dawa yoyote haikuonekana kuyashinda. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa fulani imemnyamazisha mtoto, swali langu la kwanza ni hili: na wale ambao hawakupewa, walinyamaza lini?

Probiotiki nazo zimepita kwenye swali hilo. Wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001 walizieleza kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Wazo la kuzitumia kwa chango lilitokana na kinyesi cha watoto. Mtoto mchanga huanza kupata bakteria wake tangu anapozaliwa: njiani anapopita, kwenye ngozi ya mama, kwenye ziwa. Maziwa ya mama yana sukari za namna ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kazi ya sukari hizo ni kuwalisha bakteria wema tumboni. Watafiti walipolinganisha watoto wa chango na wenzao watulivu, mara nyingi waliwakuta wale wa chango wakiwa na bakteria wengi zaidi wa kundi la kolifomu, wanaozalisha gesi, na wachache wa kundi la laktobasili. Baadhi walionyesha pia dalili za uvimbe mdogo wa utumbo.

Bakteria aliyechunguzwa kuliko wote kwa ajili ya chango anaitwa Lactobacillus reuteri, na tangu mwaka 2020 jina lake la kisayansi ni Limosilactobacillus reuteri. Jina hilo peke yake halitoshi. Ukimtuma mtu sokoni akuletee embe, anaweza kurudi na dodo, bolibo au sindano. Zote ni embe, lakini ladha mbalimbali. Bakteria nao wako hivyo hivyo: ndani ya jina moja kuna aina nyingi, na kila aina ina tabia yake. Aina iliyopimwa zaidi kwa watoto wa chango ni DSM 17938. Mzazi wake alipatikana katika maziwa ya mama mmoja wa Peru, kisha wanasayansi wakamwondolea vinasaba viwili vya usugu dhidi ya antibiotiki. Kichupa kilichoandikwa "probiotiki" tu, au chenye bakteria wa jina jingine, hakiwezi kujivunia majaribio ya huyu.

Majaribio yenyewe yalianza kwa kishindo. Mwaka 2007 Francesco Savino na wenzake wa Turin, Italia, walitoa matokeo ya watoto 83 wanaonyonya. Waliopewa reuteri, aina ile ya mzazi, walikuwa wakilia dakika 51 kwa siku ilipofika siku ya 28. Waliopewa simethikoni walikuwa bado kwenye dakika 145. Kasoro ni kwamba akina mama walijua watoto wao wanapewa nini, na mama mwenye matumaini husikia kilio kidogo. Savino akarudia mwaka 2010 kwa siri kamili, safari hii kwa DSM 17938, na nafuu ikaonekana tena.

Halafu Melbourne ikatibua. Valerie Sung na wenzake mwaka 2014 walichapisha jaribio la watoto 167, wa ziwa na wa kopo kwa pamoja. Matone hayakusaidia. Mwisho wa mwezi waliopewa bakteria walilia au kusumbua dakika 49 zaidi kwa siku kuliko wenzao. Sung huyo huyo akafanya jambo ninaloliheshimu sana: badala ya kulumbana na waliopata jibu tofauti, alikusanya nao takwimu za mtoto mmoja mmoja kutoka Italia, Poland, Kanada na Australia, jumla watoto 345. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kwa watoto wa ziwa pekee, reuteri husaidia: kwa kila watoto 3 hivi waliopewa, 1 alipunguza kilio kwa nusu au zaidi ilipofika siku ya 21, ambaye bila matone asingekipunguza kiasi hicho. Kwa watoto wa maziwa ya kopo ushahidi haukupatikana.

Mtoto wa yule mama alikuwa ananyonya tu, ndiyo maana sikumkatalia. Dozi iliyotumika katika majaribio hayo ni matone 5 mara moja kwa siku, yenye bakteria hai milioni 100. Lakini waangalie: ni hai. Matone hayo hukaa ndani ya mafuta na bakteria huzama chini, hivyo kichupa kitikiswe vizuri kwanza. Mtoto anyweshwe kwa kijiko safi, na matone kamwe yasitiwe kwenye kitu cha moto. Soma lebo inasema kihifadhiwe kwenye joto gani, kwani nyingi husema nyuzi 25, na sote tunajua duka la bati la Dar es Salaam mwezi wa Februari lina joto gani. Kichupa kilichoanikwa dirishani kwa wiki mbili huenda kimebaki mafuta matupu. Mimi humshauri mzazi anunue mahali penye friji au ubaridi wa uhakika, atazame tarehe, na ajaribu kwa siku 21. Pasipokuwa na mabadiliko, aache, pesa hiyo ikanunue chakula cha mama.

Mtindi wa nyumbani si mbadala wa matone haya, hata uwe mzuri namna gani. Mwanza, tangu mwaka 2004, kikundi cha akina mama kimetengeneza mtindi wenye bakteria wa probiotiki, na ni chakula bora kwa watu wazima na watoto wakubwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 ni ziwa tu. Asali pia hapana, mpaka atimize mwaka.

Wapo wasiostahili kupewa matone bila daktari: mtoto njiti, mwenye kinga dhaifu, aliyewekewa mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa. Bakteria hai akiingia kwenye damu ya mtoto kama huyo anaweza kumuua. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu njiti baada ya kifo cha namna hiyo. Na kabla ya kuita kilio chango, mvue mtoto nguo zote. Homa ya nyuzi 38, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi uliovimba, uvimbe wa kinena, kukataa ziwa au uzito usiopanda: hapo ni hospitali usiku huo huo. Tazama na vidole vya miguu. Nimewahi kukuta unywele wa mama umejizungusha kwenye kidole mpaka kimevimba na kuwa na rangi ya zambarau mbivu, na nyumba nzima ikisema ni gesi.

Mvuje sikuugusa. Kile kichupa kisicho na lebo nilimwomba asimnyweshe tena. Kisha nikamuuliza yeye analala saa ngapi, na hapo ndipo alipolia. Kila anayeingia nyumbani, alisema, anamwambia maziwa yake mabaya. Nilimwambia si mabaya, na asimwachishe. Siku mikono itakapoanza kutetemeka kwa hasira, amlaze mtoto chali mahali salama, afunge mlango, akae nje dakika kumi. Kumtikisa mtoto mchanga, hata mara moja, kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo.

Alirudi baada ya wiki 3 na daftari la shule lenye mistari ya dakika za kilio, kila jioni kwa mkono wake au wa mumewe. Kutoka 240 zilishuka hadi 70. Aliniuliza ni matone au ni umri. Kwa mtoto mmoja, nilimjibu, hakuna awezaye kusema. Ndiyo maana ilibidi wahesabiwe 345. Akacheka, akafunga daftari, akanionyesha jinsi mtoto alivyoanza kutabasamu.