Fahamu: Laini ipi imfaayo msafiri wa pwani ya Tanga?
Msafiri atokaye Tanga kuelekea Pangani, ama apandaye kwenda Lushoto, yampasa afahamu kwamba mtandao ulio hodari mjini huenda ukadhoofu njiani, kwa sababu milima ya Usambara huyakinga mawimbi ya simu, na minara huwa haba palipo na watu haba. Kwa hiyo, kabla ya kununua bando la wiki nzima, na awaulize wenyeji wa huko aendako ni laini ipi waitumiayo. Simu nyingi hupokea laini mbili; basi ni hekima kuweka za kampuni mbalimbali, mathalan Vodacom na Halotel, au Airtel na Yas, iliyoitwa Tigo hadi mwaka 2024.

Hata hivyo, laini mbili si dawa ya kila msiba: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania kwa watumiaji wa kampuni mbalimbali kwa wakati mmoja.

Naye avukaye Horohoro kuingia Kenya, azime data ya laini yake mpaka ajue gharama zake ugenini. Ramani, tiketi na nyaraka za lazima, zipakue kabla hujaondoka mjini.