Mukopo Unaoinua na Kuangusha

Kambisti wa njiani unamujua. Unamupa dola, anakupa falanga, kila mutu anaenda na makuta yake mukononi. Lakini siku hizi vijana wanaona ndani ya simu biashara ingine ya feza za inchi mbalimbali: weka dola 100, utafanya kazi na dola 10 000! Tafazali, mbele ya kupeleka kule feza ya masomo ya watoto, tufanye hesabu pamoja.

Zile dola 9 900 zinatoka wapi? Ni sawa na mukopo ambao kampuni inaweka juu ya feza yako. Kwa Kifaransa wanauita levye. Wachimbaji wetu watafahamu mbio. Kwa baramini, mutu mumoja anainua jiwe ambalo watu watatu hawawezi kuinua kwa mikono. Lakini jiwe likiteleza, baramini ile ile inavunja mukono.

Tazama mufano. Umenunua euro za dola 10 000, na feza yako mwenyewe ni 100 tu. Euro ikipanda 1 kwa 100, unapata dola 100. Ikishuka 1 kwa 100, dola zako zote 100 zimekwisha. Na kushuka vile kunaweza kutokea kwa siku moja. Pengine kesho bei itapanda tena, lakini wewe hauko tena ndani, kampuni imekwisha kufunga kazi yako.

Serikali zimefanya nini?

Marekani, katika mwezi wa kwanza 2010, wakubwa wa kazi hiyo walitaka mukopo usipite mara 10. Watu kwa maelfu waliandika maoni yao, wengi wakipinga. Basi, tangu tarehe 18 Oktoba 2010, mupaka ni mara 50 kwa feza kubwa za dunia, na mara 20 kwa zingine. Japani iliweka mara 50 mwaka ule ule, na 2011 ikashusha paka mara 25. Ulaya iliweka mara 30 tangu tarehe 1 Agosti 2018.

Mutu atauliza: feza ni yangu, serikali inaingilia nini? Swali hilo ni la haki. Lakini wakubwa wa Ulaya walichunguza, wakaona kwamba kwa kila wateja 100 wadogo, kati ya 74 na 89 wanapoteza. Sheria haimukatazi mutu kucheza. Inamupunguzia haraka ya kuanguka. Kwa mara 30, euro ikishuka 1 kwa 100, utapoteza dola 30; 70 zinabaki, na unaweza kutoka.

Hata hivyo mupaka peke yake hautoshi. Tarehe 15 Januari 2015, banki kuu ya Uswisi iliacha gafula kushikilia bei ya feza yake. Kwa dakika chache feza hiyo ilipanda zaidi ya 20 kwa 100. Wateja wengi walipoteza feza yote waliyoweka, na juu yake wakabaki na deni. Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya 2018 iliongeza neno hili: muteja mudogo asipoteze kupita kile alichoweka.

Kijana, sikia vizuri. Sheria hizo zinalinda wateja wa kampuni zilizo chini yake tu. Kampuni ya mbali inayokuahidi mara 500 haikupendi kupita ile ya mara 30. Kwa mara 500, bei ikishuka dola 1 kwa kila dola 500, umemaliza.

Kwa hiyo uliza maneno matatu: Kampuni hii iko chini ya sheria ya inchi gani? Nikipoteza, deni linaweza kunifuata nyumbani? Na feza hii ikiisha leo, watoto watakula nini kesho? Kama jibu moja halionekani, feza ibaki nyumbani.